Uvimbe Mpole wa Kirambazi

Nanzia alikufa akicheka. Alikuwa na gunia la tangawizi mgongoni, anapanda tuta la mwisho la shamba la Dorkasi, kikundi cha akina mama wa Kisabato wa kijiji chetu cha Kirambazi, na mwenzake aliyekuwa mbele alikuwa amesema jambo kuhusu jogoo wa mchungaji. Nanzia akacheka, akapiga goti moja, akasema, "Ngojeni nimalize kucheka," kisha akalala ubavu juu ya gunia lake. Hakusema aa. Hakushika tumbo. Wenzake wakaendelea kucheka wakidhani ni utani wake tu.

Zahanati yangu iko chini kidogo ya shamba lile. Nilifika nikihema, kioo cha utrasaundi mkononi, nikakibandika tumboni mwake palepale kwenye udongo. Tumbo lilikuwa limejaa damu. Nikaifuata damu hadi kwenye ini, nikakuta uvimbe wa mviringo, mkubwa kama chungwa, umepasuka upande mmoja. Nimesomea ini, naujua uvimbe wa namna ile. Si saratani. Hautambai kwenda kwingine, haumli mtu. Vitabuni tunauita uvimbe mpole. Ukianza kukua unamuuma mtu chini ya mbavu za kulia, mtu anakuja hospitali, unatolewa, yanaisha.

Nanzia hakuumwa. Nanzia hakuwa ameumwa na kitu chochote kwa miaka kumi na tisa, kwa sababu chini ya mtulinga wake, kama walivyo karibu watu wazima wote tangu ipite Sheria ya Kutoumia, kulikuwa na kipozi, kifaa kidogo cha kuzima maumivu. Nilikisogezea kisomeo changu. Kilikuwa bado kinawaka kijani, kizima kabisa, kikaniandikia kwa utii: dozi ishirini na mbili za tulizamini tangu alfajiri.

Kipozi chake kilifanya kazi kilivyoagizwa. Kilimnyamazisha hadi kaburini.

Niliandika ripoti siku ileile. Mamlaka ya Maumivu ikajibu kabla hatujamzika: *Chanzo kinachodhaniwa: pombe. Faili limefungwa.* Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Nanzia alikuwa Msabato wa kizazi cha nne. Hata chai ya majani hakuinywa, akisema inaamsha tamaa. Nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka moto.

*

Nitasema kosa langu mwenyewe, maana nisipolisema mimi watalisema wao. Neno lile la pombe lilikuwa limenikaa kichwani. Basi nilipoamua kuwapiga watu picha za ini, nilianzia ng'ambo ya korongo, kwa wanywaji wa dengelua, pombe ya miwa, nikiwa na hakika nitakuta mavimbe kama viazi shambani. Nilipima watu hamsini na saba. Kulikuwa na mzee ambaye mkewe aliapa hajamwona akiwa na akili zake tangu mvua za mwaka juzi. Ini lake lilikuwa limechoka, ndiyo, lakini uvimbe hakuna. Kati ya wote hamsini na saba, wawili tu.

Ndipo nikarudi kwa akina mama wa Dorkasi, wasiogusa pombe, sigara, kahawa wala nguruwe. Nikapima sitini na mmoja. Thelathini na wanane walikuwa na uvimbe kwenye ini. Nilidhani kioo kimeharibika, nikawaita upya, nikapima upya. Thelathini na wanane.

Jibu nililipata jikoni kwa mwenyekiti wao, Bibi Eliwaza, mwanamke wa miaka sabini na minne ambaye akikuangalia unajikuta unafunga kifungo cha juu cha blauzi. Nilikuwa nimemaliza kumpima, yeye mwenyewe ana uvimbe wa inchi mbili, na kisomeo kilikuwa bado kimebandikwa begani kwake. Akanimiminia kikombe.

"Karibu tangawizi, Niwaeli. Utanisamehe, ya siku hizi haina kitu. Mbegu imeharibika."

"Unaweka kiasi gani, Bibi?"

"Zamani tulikuwa tunaweka kidole kimoja kwa birika. Sasa naponda kiganja kizima, na bado naona kama nakunywa maji ya mvua. Wote tunalalamika. Juzi Dorkasi tumekubaliana tuongeze."

Nikanywa. Sisi wa tiba haturuhusiwi kuvaa kipozi. Mkono wa daktari lazima usikie. Kinywaji kile kilinishika koo, kikapanda puani, machozi yakanitoka, nikakohoa mpaka nikashika meza. Bibi Eliwaza alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeshindwa kubeba ndoo. Akainua kikombe chake, akanywa nusu kwa mkupuo mmoja.

Begani kwake kisomeo kikalia. Dozi. Kikalia tena. Dozi. Alipoweka kikombe chini kilikuwa kimelia mara saba.

Kipozi hakijui maumivu ni nini. Kimeshikizwa kwenye neva, na kazi yake ni kusikiliza. Neva ya moto ikilia, kinamwaga tulizamini kabla habari haijafika kichwani. Sasa ukali wa tangawizi unaigonga neva ileile inayogongwa na kaa la moto, na kipozi hakiwezi kutofautisha kikombe na jiko. Kinapoza vyote. Kwa hiyo mnywaji haoni ukali. Kwa hiyo anaongeza tangawizi. Kwa hiyo kipozi kinaongeza dawa. Na dawa yote ya mwilini mwisho wake ni kwenye ini.

Akina mama wa watu, kwa kukimbia pombe, chai na kahawa, walikuwa wamekunywa tangawizi mara tatu kwa siku kwa miaka kumi na tisa, na kila mwaka wakiilaumu mbegu. Nilitaka kucheka, nikataka kulia. Nikamwambia Bibi Eliwaza aache tangawizi tangu siku ile, na awaambie wenzake, na wasibebe mizigo.

"Na hawa wa kwingine?" akauliza.

"Wa kwingine wapi?"

"Wapasua kokoto. Wachimbaji kule migodini. Wao hawahitaji tangawizi, mwanangu. Wanaumia kweli kutwa nzima, kipozi kinawamiminia. Nani atawaambia?"

*

Mamlaka ilimtuma nyumbani kwangu Dakta Lyatuu, Mchaga wa makamo, mwenye sauti ya chini na viatu visivyojua tope. Alisoma karatasi zangu zote bila kuruka ukurasa, na hilo lilinitia hofu kuliko angezitupa.

"Kazi nzuri," akasema. "Nyie Wapare kesi mnaipenda kuliko makande."

"Makande yanapoa, Dakta. Kesi haipoi."

Akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Unajua Kifungu cha Tisa?"

Nilikijua. Ripoti ya madhara ikishatumwa na kushuhudiwa na wagonjwa wenyewe, dawa inazimwa kanda nzima, saa ileile, mpaka uchunguzi uishe. Mnara ni mmoja na swichi ni moja. Sheria iliandikwa hivyo makusudi, watu waogope kuripoti.

"Watu milioni nne," akasema Lyatuu. "Wenye saratani. Waliovunjika. Wanawake walioko leba leo hii. Dawa za zamani hakuna kiwanda kinachozitengeneza tena, na miezi ya uchunguzi inaweza kuwa kumi na minane. Na upande wa pili una akina mama wenye uvimbe ambao hata wewe umeuandika kuwa ni mpole."

"Ni mpole kwa mtu anayesikia," nikasema. "Uvimbe unabisha hodi kwa maumivu, na nyie mmeziba mlango. Nanzia alikufa anacheka."

Lyatuu akafungua mkoba, akatoa fomu, ukurasa mmoja tu. Kila mgonjwa angeweka alama kwenye kisanduku kimoja: *Niliwahi kutumia kileo.* Hata mara moja, hata utotoni. Thelathini na wanane wakiweka alama, utafiti wangu hauna maana tena, maana pombe imeingia. Mamlaka ingewafanyia upasuaji wote, kimyakimya. Vipozi vingebaki vimewashwa.

"Hakuna atakayeumia," akasema. Kisha, akitazama mlango wa chumba cha ndani, akaongeza kwa upole, "Hata mdogo wako."

Alikuwa ameshapitia mafaili. Nakiete, mdogo wangu, niliyemlea tangu wazazi wetu waondoke, ana seli mundu. Chembe zake za damu zinajikunja na kuziba mishipa, na zikiziba, mifupa inalia. Kabla hajafikia umri wa kipozi nilikuwa nikimshika miguu huku akiuma shuka mpaka linachanika. Siku alipowekewa kipozi alilala saa kumi na nne, akaamka akasema ana njaa. Leo anafundisha hesabu darasa la sita, na mara tatu kwa mwezi mwili wake unawaka moto ndani kwa ndani bila yeye kujua.

Sikumwambia chochote. Nilijiambia namwonea huruma, lakini nilikuwa muoga. Siku nne nilikaa na ripoti mkononi. Kila nikitaka kuituma namwona akiuma shuka, kila nikitaka kuichana namwona Nanzia juu ya gunia.

*

Lyatuu aliitisha mkutano Jumapili asubuhi kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji ambapo tunagawiana zamu za maji, kwa sababu alisikia kwamba jambo likisemwa pale halikanushwi. Akina mama thelathini na wanane wakakaa kwenye ukingo wa mawe. Nakiete naye akaja, akijua ni mkutano wa afya tu, akasimama nyuma na daftari za wanafunzi kwapani.

Lyatuu alieleza vizuri mno. Hakudanganya. Alisema kuhusu uvimbe, kuhusu upasuaji, kuhusu Kifungu cha Tisa, akasema ripoti ikitumwa vipozi vitazima na watu watateseka. Kisha akagawa fomu.

Nikaona mama mmoja, Naseku, aliyevunjika nyonga miaka sita iliyopita, akiishika kalamu. Sikumlaumu hata kidogo.

Bibi Eliwaza akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Baba," akamwita Lyatuu, ambaye angeweza kuwa mwanawe, "hapa pameandikwa niseme nililewa?"

"Si kulewa, Bibi. Kuonja tu. Hata mara moja."

"Nina miaka sabini na minne. Sijaonja hata maji ya muwa yaliyolala. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikunywa siku moja msibani, nikamfungia mlango nje na mvua inanyesha, na kijiji kizima kilimwona." Akina mama wakaguna, walikumbuka. "Leo unataka nijiandike mlevi, ili chuma chako kibaki na jina zuri?"

"Ni alama tu kwenye kisanduku. Nia ni kuokoa watu."

"Basi okoa kwa kweli! Uongo wa kuokoa naujua, baba, nimeuzika na Nanzia. Mlimwandika mlevi yule mtoto. Mama yake bado anapita kanisani ameinamisha kichwa." Akapapasa magoti yake. "Mimi nitaumwa. Magoti haya yameoza, nayajua. Nitaumwa, lakini hiyo alama siweki."

Akaikunja fomu mara nne, akaiweka chini ya jiwe, akalikalia. Mama wa pembeni akafanya hivyohivyo. Wakaendelea mmoja mmoja ukingo mzima. Naseku alikuwa wa mwisho. Alilia waziwazi, akaitazama nyonga yake, akaitupa fomu majini.

Ndipo Nakiete akapita katikati ya watu akaja kusimama mbele yangu.

"Kifungu cha Tisa," akasema. "Umenificha tangu lini?"

"Jumatano."

"Jumatano. Na juzi tumekula pamoja, na jana tumekwenda kanisani pamoja." Hakupaza sauti, ndivyo anavyowafanyia wanafunzi wake watoro. "Yaani siku zote hizo ulikuwa unanipima kwenye mzani, mimi huku na kijiji kule, bila hata kuniuliza nina uzito gani? Dada, mimi gunia la tangawizi?"

"Nilikuwa naogopa, mdogo wangu."

"Na mimi naogopa! Unadhani nimesahau? Nakumbuka lile shuka, dada." Akahamishia daftari kwapa la pili. "Lakini hofu ni yangu. Usiibebe kama yako halafu uitumie kunyamaza. Mimi sitaki kulala usingizi unaolipiwa kwa ini la mtu mwingine."

Lyatuu akasogea. "Mwalimu, fikiri vizuri. Hata ukiwa wewe peke yako, tunaweza kuangalia namna ya..."

"Ya kunitengenezea swichi yangu?" Nakiete akamgeukia. "Kumbe inawezekana? Basi mngewatengenezea na hao milioni nne. Mmeweka swichi moja ili kila mgonjwa awe mateka wa mwenzake."

Lyatuu akafunga mkoba wake. Nadhani pale ndipo aliposhindwa, na nadhani alijua.

Nilitoa simu. Akina mama thelathini na wanane wakaja kuweka vidole gumba kwenye ripoti, mmoja baada ya mwingine. Nikaituma mbele ya kijiji kizima.

*

Saa saba na dakika ishirini taa za kijani zilizimika chini ya mitulinga ya kijiji kizima.

Mwanzoni hakikutokea kitu. Kisha mtu akasema "Aisee" na kushika kiuno. Wazee wakaanza kukaa chini taratibu, kwa mshangao, kama watu wanaosomewa barua ya zamani. Mtu mmoja aligundua ana jino bovu. Kwenye jiko la kikundi cha Dorkasi mama mmoja alikunywa tangawizi iliyobaki kwenye birika, akaitema mpaka ukutani, akapiga kelele kwamba mbegu haikuwa na kosa lolote, na watu wakacheka katikati ya vilio vyao.

Saa kumi Bibi Eliwaza alikuja zahanati kwa miguu yake, anachechemea kwa hasira, mkono umebana chini ya mbavu za kulia.

"Hapa," akasema. "Kuna kitu kinanichoma hapa. Kimeanza mchana."

Nikaweka kioo. Uvimbe wake ulikuwa umeanza kuvuja. Kwa kipozi kilichowashwa angekwenda kumwagilia bustani. Gari likampeleka hospitali ya mjini, wakamfungua kwa nusukaputi jioni ileile, na Jumatatu akanipigia simu kunilalamikia kwamba anaumwa vibaya sana na kwamba uji wa pale hauna chumvi. Mpaka Jumatano walikuwa wamekuja wengine sita, na wawili kati yao walikuwa wapasua kokoto kutoka tambarare.

Na Jumatano ileile, kabla ya adhuhuri, Nakiete aliletwa kutoka shuleni akiwa amebebwa na walimu wawili.

Ilikuwa miguu kwanza, kisha mgongo, kisha kifua. Nilimwekea maji ya drip, nikampa oksijeni, nikamfunga vitambaa vya moto, nikampa vidonge vichache vya zamani nilivyokuwa nimevificha, ambavyo kwa maumivu yale ni kama kuzima moto wa msitu kwa kikombe. Alikuwa ameuma mdomo hadi damu. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamshika mkono.

"Nisamehe," nikasema. "Nisamehe, Nakiete."

"Kalamu iko wapi?"

"Tulia, mdogo wangu."

"Dawa ya kutulia umeizima. Chukua kalamu." Alisubiri wimbi moja limpite, macho ameyafumba. "Ripoti yako inasema dawa inadhuru. Haisemi kuizima kunadhuru. Ni nusu ya kweli. Lyatuu atakaa na nusu nyingine, aitumie kuwasha vipozi vilevile kama zamani. Andika. Tunaituma sisi, si wao."

"Naandika nini?"

"Mgonjwa wa thelathini na tisa. Nakiete Mgonja, miaka thelathini na mbili, mwalimu. Hajawahi kutumia kileo." Akapumua. "Ameumizwa na swichi moja. Anadai dawa isiyoua ini, na anaidai akiwa na akili zake timamu. Kauli yake kwenye mkutano wa ndiva haiondoi. Umeandika haiondoi?"

"Nimeandika."

"Kisha maumivu."

Niliandika *anaumia sana.* Akageuza shingo, jasho linamtiririka, akasoma.

"Futa 'sana'. 'Sana' watasema ni maneno ya ndugu. Andika kumi kati ya kumi, na uandike saa."

"Nakiete, acha nikushike kwanza."

"Sasa hivi sitaki dada, nataka karani. Dada atakuja tukimaliza."

Nikafuta. Nikaandika kumi kati ya kumi, saa sita na dakika arobaini. Nikamshikia karatasi, akaweka saini, herufi zikipanda na kushuka hadi nje ya mstari, lakini jina lilisomeka lote. Nikaipiga picha, nikaituma kwa Mamlaka, kwa Lyatuu, kwa kila gazeti nililokuwa na anwani yake. Nikamwonyesha kwamba imekwenda.

Kisha nikapanda kitandani nikamkumbatia, naye akaliachia yowe alilokuwa amelizuia muda wote wa kuandika.